Mavuno ya Mwisho ya Don Fermín

Hortensia Aravena alipewa meza ya mtu mmoja, kama kawaida. Jua lilikuwa bado limeegemea volkano, na wageni wawili walikuwa wakielea chali kwenye bwawa la kuogelea lililo mbele ya mkahawa wa hoteli. Kazi yake ilikuwa kupima orodha za mvinyo za mikahawa mikubwa ya Chile, kwa ajili ya kitabu cha mwongozo kinachochapwa Santiago, na ni kazi ya mtu anayekula peke yake. Tangu mumewe amwache, hakuna aliyekuwa akimwuliza chakula kikoje isipokuwa wahudumu.

Orodha ilikuwa nzuri. Mvinyo mweupe wa Limarí ulikuwa na ubaridi wake sawasawa, hata katika jangwa lile. Wakulima wadogo wa Itata walikuwemo. Kosa alilolipata ni kwamba mvinyo mwekundu mwingi ulitoka kwa tajiri mmoja. Ukurasa wa mwisho ulikuwa na jina moja tu: Quilacor, kijiji cha karibu, mavuno ya mwisho ya Fermín Puca.

"Huu ukoje?" akauliza.

"Mzuri, doña," alisema Eleuterio, mhudumu wa mvinyo, ambaye mwenyewe alizaliwa Quilacor. "Ila itabidi nikuongezee kiti. Ukifunguliwa, mwenye shamba huja."

"Si amefariki?"

"Amefariki, ndiyo. Nitaleta kisicho na mto. Hapendi vyenye mto."

Kizibo kilipotoka, Fermín Puca alikuja akipitia upande wa bwawa, kofia mkononi, matope mabichi viatuni. Akasalimia, akaketi. Mhudumu mwingine alipita na tambara akafuta nyayo. Kwenye meza ya jirani, mume na mke waliendelea kubishana kuhusu limau.

Hortensia akanusa, akaonja, akaandika: komamanga, majani makavu, chumvi kidogo mwishoni.

"Chumvi ni ya udongo," Fermín akasema. "Mke wangu Nicolasa anasema ni jasho langu. Ana mdomo yule!"

Hortensia akacheka, akashtuka kusikia sauti yake mwenyewe. Fermín akamwuliza kama nyama ya llama imeiva, kama ana watoto, na kwa nini anakula kama mtu anayewahi basi.

"Nimezoea," akasema. "Mtu ukikosa wa kuongea naye, unamaliza haraka."

"Basi leo kula taratibu. Mimi sina pa kwenda."

Akala taratibu. Eleuterio alipokuja kumimina tena, Fermín alimshika mkono.

"Maji yanafika shambani, kijana?"

"Yanafika, don Fermín. Siku ya zamu yenu yanajaa mfereji mzima."

Yule mzee akaitikia kwa kichwa, akaridhika. Kisha akamwinamia Hortensia. "Nina ombi. Mwanangu aliwauzia hawa chupa zote, Nicolasa hakubakiziwa hata moja. Alikuja kuniona hapa, wakamwambia getini kwamba meza zimejaa. Mpelekee moja."

Tone la mwisho lilipoingia kwenye bilauri, akasimama, akavaa kofia, akarudi alikotokea.

"Umemdanganya. Maji hayafiki," Hortensia alisema.

"Hayafiki," alijibu Eleuterio, akionyesha bwawa kwa kidevu. "Waliyageuzia huku mara tu alipozikwa. Sasa nimwambieje, doña? Huwa anakaa kitambo kidogo tu. Nimharibie?"

Hortensia akaagiza chupa nyingine, akaomba isifunguliwe.

Asubuhi gari lilimshusha Quilacor. Nicolasa, mwanamke mfupi aliyesuka nywele mikia miwili, aliipokea chupa akaizungusha mkononi. Karatasi ya shingoni ilikuwa imechanwa.

"Nani kaanza kuifungua?"

"Mimi," alisema Hortensia. "Chumbani, wakati wa kifungua kinywa. Nilitaka mtu wa kunywa naye chai. Kisha nikaacha."

Nicolasa alimtazama bila hasira. "Karibu ndani. Kaa."

Akampakulia supu ya mahindi na nyama, naye akajipakulia. Mlango wa nyuma ulikuwa wazi. Mizabibu ilisimama kule nje, myeusi, mikavu kama nyaya zilizoungua.

"Nikiifungua, atakuja kweli?"

"Atakuja."

"Atapitia wapi?" Hakungoja jibu. "Fermín hakuwahi kuingia ndani kabla hajapita shambani. Hata siku ya harusi, mjinga yule, nilimngoja mlangoni na gauni langu. Kule kwa matajiri wanamwambia nini?"

"Wanamwambia maji yanafika."

Nicolasa akala vijiko kadhaa vya supu.

"Basi abaki huko huko," akasema. Akaifunga chupa kwa shali, akaiweka chini ya kitanda, upande aliokuwa akilala mumewe. Dereva akapiga honi.

Katika ripoti yake Hortensia aliusifu mvinyo, akaeleza habari za mfereji kwa sentensi mbili. Mhariri akampigia simu.

"Hortensia, mama, sisi tunapima mvinyo. Hatupimi mifereji."

Sentensi mbili zikatolewa. Mkahawa ukapata tuzo ya juu, na kibao chake cha shaba kikatundikwa karibu na bwawa, ambalo mwaka huo lilipanuliwa.

Jumapili moja ya majira ya baridi, Eleuterio alimpigia simu Hortensia, aliyekuwa mezani kwake Santiago. Chupa ya mwisho ya hoteli ilikuwa imefunguliwa, alisema, na wahandisi sita wa mgodi. Walisogeza viti vyao wakampisha mzee, wakaendelea na hadithi zao za mpira. Hakuna aliyemsemesha.

"Maskini," Hortensia alisema. "Alikaa tu?"

"Alikaa tu. Ila wakati wa kuondoka alikuulizia wewe, doña. Alitaka kujua kama umepata mtu wa kula naye."

Hortensia alitazama sahani yake.

"Ukamjibuje?"

"Nilimwambia umepata. Mtu mwema, mcheshi. Alifurahi sana."

"Umefanya vizuri," alisema Hortensia. Akamshukuru, akakata simu, akamaliza chakula chake haraka.