Msonobari Uliofunga Mdomo Mchana

Naapa mbele ya bweni zima kwamba sikutema mate katika mfuko ule. Naanza na kiapo kwa sababu mimi ndiye Balaa, na mtu mwenye jina hilo akisema mti uko hai, watu humpekua kwanza.

Msonobari wetu umesimama kati ya bweni la mabati na jua la alasiri. Mvua ilipogoma, ukaanza kumwaga sindano zake kuukuu, ndiyo majani yake, hadi ukafanana na ufagio uliochakaa. Mwalimu Mkuu akautazama, akatoa hukumu: umekufa, Jumamosi mkata kuni anakuja na msumeno. Bila mti ule, bweni lingekuwa tanuri, nasi mikate.

Nikaenda ofisini.

"Shikamoo, Mwalimu. Mti haujafa. Umejibana tu."

"Marahaba. Nani kakwambia?"

"Nitaleta ushahidi."

Ushahidi wenyewe ni rahisi: unafunga tawi ndani ya mfuko wa nailoni, na mti ukipumua, mvuke unageuka matone. Adhuhuri, mimi na rafiki yangu Kibiriti, mfupi mwenye hasira za haraka, tukafunga mfuko mmoja kwenye mpera na mwingine kwenye msonobari. Mpera ukatoka jasho kama mwizi aliyeitwa jina. Mfuko wa msonobari ukabaki mkavu kabisa.

Mkuu akaupapasa. "Ahsante kwa kunisaidia," akasema.

"Umetuchimbia kaburi, Balaa!" Kibiriti akanisonya.

Nikarudi kwenye kitabu cha Biolojia, nikiwa na hasira ya kutosha kusoma bila kulazimishwa. Kumbe kila sindano ina vitundu vidogo vilivyojificha chini ya nta. Jua likiwa kali, msonobari huvifunga. Ukiviacha wazi wakati udongo ni mkavu, hewa huingia kwenye mirija yake ya ndani, na maji hayapandi tena. Asubuhi, hewa ikiwa na unyevu, huvifungua kidogo. Mimi nilikuwa nimebisha hodi mlango uliofungwa, kisha nikatangaza msiba wa mwenye nyumba.

Jumamosi kulipopambazuka nilikuwa mtini na mfuko mpya. Mlezi wa bweni, Mama Mkubwa kwetu sote, akanikamata.

"Una nini humo?"

"Hamna kitu, Mama. Ndiyo shida yenyewe."

Nikamweleza. Akaninyang'anya mfuko. "Mikono nyuma. Nitafunga mwenyewe."

Akafuta tawi kwa kanga, akafunga, akaleta kigoda, akaketi akiutazama mfuko kama chungu kinachotaka kufurika. Mimi nikawekwa mbali, nisipumulie hata upande ule. Jua likapanda. Mfuko ukaingia ukungu. Kisha tone likateleza hadi kwenye kona, likafuatwa na jingine.

Mkuu akafika na mkata kuni.

"Huyu ametema mate humu," akasema.

"Nimeufunga mimi, Mwalimu, na sijaondoka hapa," akajibu Mama Mkubwa. "Labda useme nimetema mimi."

Mkata kuni akageuka kando kuficha kicheko. Mkuu akafungua mfuko, akachovya kidole, akaonja.

"Maji," akasema, kwa sauti ya mtu aliyeibiwa.

Akamruhusu mkata kuni aende zake. Kisha akanigeukia. "Kama uko hai, una kiu. Maji yaliyosuuziwa nguo za bweni zima utaubebea wewe, mpaka mvua inyeshe."

"Sawa, Mwalimu."

Nikaifuata ndoo ya kwanza. Kibiriti akashika mpini upande wa pili, akinitukana kila hatua, na hatukumwaga hata tone.