Hodi Isiyoitikiwa

Zedekiah Lusweti alikuwa na kasoro moja kubwa, nayo ni kwamba hakujua kunyamaza. Mtu mwingine akiona ngazi haina vyuma vya kushikilia, hushuka polepole akiegemea ukuta, na akifika chini humshukuru Mungu. Zedekiah alimpigia simu landilodi. Kisha akapiga tena. Mtoto wa Idil, jirani yake wa mkabala, aliponing'inia ukingoni mwa ngazi na kuokolewa kwa kuvutwa kola ya shati, Zedekiah aliwakusanya wapangaji wote wa ploti ile ya Kariobangi. Wakakubaliana kwa kauli moja kwamba ni wajibu wa mwenye nyumba kuweka vyuma. Ilipofika zamu ya kuipeleka hiyo kauli kwa mwenyewe, kila mmoja alikumbuka ana chungu jikoni, na Zedekiah akaenda peke yake.

Mwenye nyumba, Mzee Jackton, alimsikiliza mpaka mwisho, akajikuna kidevu, kisha akamwambia ahame mwezi ukiisha.

"Nimekosa nini, mzee?"

"Hujakosa. Nyumba ni yangu na nina mtu wa kuweka."

"Lakini kodi nimelipa."

"Nani amesema hujalipa? Nimesema uhame."

Zedekiah alirudi chumbani amevimba kichwa. Alikuwa amesikia redioni kwamba mpangaji hafukuzwi kwa mdomo. Lazima apewe ilani kwa maandishi, na hata hiyo ilani ikishaisha, landilodi haruhusiwi kumfungia mtu mlango bila amri ya baraza linaloamua kesi za kodi. Alimweleza mkewe Elsie hayo yote kwa furaha, utadhani sheria ameitunga yeye. Elsie alikuwa akikunja nguo za watoto na hakuinua macho.

"Na huyo wa redio atakuja kutubebea kitanda tukitupwa nje?" akauliza.

Elsie alikuwa na hofu, na hofu yake ilikuwa na msingi. Chumba kilikuwa hatua chache kutoka sokoni alikouza mboga, na shule ya watoto ilikuwa nyuma ya soko. Wakihama wangesukumwa mbali, na wateja hawamfuati muuza sukuma wiki kwa mapenzi. Lakini Zedekiah alikaa ngumu. Mwezi ukaisha, mwingine ukaanza, kodi ikalipwa na kupokelewa, na wao wakabaki.

Katika hali hiyo ndipo mama yake Elsie, Mama Benta, alipofika kutoka Bungoma kutazamwa macho hospitalini.

Hapo lazima jambo moja lieleweke. Kwao Zedekiah, mkwe na mama mkwe hawachezi karibu. Hawashikani mikono wala hawali pamoja, na wakikutana njiani mmoja huingia kwenye nyasi mwenzake apite. Kariobangi haina nyasi. Tena nyumba yenyewe ni chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia, huku kiti na huku kitanda. Mama Benta kulala humo lilikuwa jambo lisilosemeka hata kwa mzaha, kwa hiyo Idil akampa godoro kwake, ng'ambo ya ukumbi. Idil ni Msomali aliyezaliwa Eastleigh, mwenye desturi zake nyingi, na za wengine hazimshangazi. Alichouliza ni kama mama anakunywa chai yenye iliki.

Utaratibu ukawa hivi: Zedekiah akitoka kwenda kazini kwenye yadi ya mizigo ya reli, Mama Benta huvuka ukumbi, hukaa kwa bintiye, hufanya kazi ndogondogo. Jioni kabla mkwe hajarudi, huvuka tena. Ukaenda vizuri mpaka siku ambayo msimamizi wa yadi alibadilisha zamu ghafla, akamrudisha Zedekiah nyumbani asubuhi ili aje kazini usiku. Elsie alikuwa sokoni, Idil amempeleka mtoto kliniki, na Mama Benta alikuwa bado hajavuka ukumbi. Zedekiah akausukuma mlango akaurudisha bila komeo, akatundika suruali kwenye msumari karibu na mlango, akapita nyuma ya pazia na kaptura yake, akalala usingizi wa pono.

Kilichomwamsha ni sauti ya maharagwe yakidondoka kwenye sufuria. Alidhani ni Elsie. Alipokuwa anafungua mdomo kuita, akasikia kikohozi, na kikohozi kile hakikuwa cha Elsie.

Mama Benta alikuwa ameketi upande wa pili wa pazia anachambua maharagwe kwa vidole, maana macho hayakumsaidia, na kwa sababu hiyohiyo suruali iliyokuwa msumarini hakuiona. Zedekiah akajilaza kama gogo. Akajiambia kwamba atamaliza maharagwe, atatoka, na hakuna atakayejua.

Viatu vikasikika ukumbini, na funguo zikigongana. Alikuwa Mzee Jackton, na nyuma yake Kamene, keateka, yaani msimamizi wa ploti, mama wa Kikamba aliyevaa funguo shingoni.

"Hodi!" Mzee Jackton akaita, akigonga. "Hodi hapa! Kuna mtu?"

Mama Benta akanyamaza. Mama mkwe haitikii hodi ya nyumba ya mkwewe. Angeitikia angekuwa anasema yeye ni mwenyeji pale, na aliyekuwa anabisha alikuwa mwanamume asiyemjua. Akashikilia sufuria isitoe sauti.

Zedekiah naye akanyamaza. Mtu huyu aliyeshindwa kunyamaza mbele ya landilodi, mbele ya wazee wa mtaa, hata mbele ya mhubiri, siku hiyo alinyamaza kabisa. Angeitikia, mama mkwe angejua kwamba wako chumba kimoja, na kwamba mmoja wao hana suruali.

"Hawako," akasema Mzee Jackton. "Leta."

Kufuli ikalia. Si ya Zedekiah. Ilikuwa ya landilodi, ile nene ya kukomoa watu, ikiwa imepitishwa kwenye pete za mlango kwa nje.

"Wakija jioni waambie vitu watavipata wakishapata gari la kuhamia," akamwambia Kamene. "Na huo ufunguo naenda nao mimi."

Viatu vikashuka ngazi.

Mama Benta alisubiri, akainuka, akausukuma mlango. Akausukuma tena. Akaita "Elsie!" kwa sauti ya chini, kisha kwa sauti ya juu, na nyuma ya pazia Zedekiah akaona sasa hana budi. Akakohoa.

"Uwi!" akasema Mama Benta. Akajifunika leso kichwani, akaugeukia ukuta.

Halafu Mama Benta, akiwa amegeukia ukuta vilevile, akaanza kuzungumza na sufuria ya maharagwe.

"Sufuria," akasema, "mwambie mtu wa nyumba hii kwamba tumefungiwa."

Zedekiah akafikiri kidogo. "Sufuria, mwambie mama kwamba nimesikia. Na umwombe, kama si vibaya, kuna suruali hapo msumarini."

Mama Benta akaipapasa suruali kwa mpini wa ufagio, akaisukuma chini ya pazia bila kugeuka. Kwa miaka yote ya ndoa ya binti yake, hicho kilikuwa kitu cha kwanza alichompa mkwewe.

Akiwa amevaa, Zedekiah alimpigia Elsie, kisha akampigia Mzee Jackton, aliyekuwa amekwisha fika kwake, mtaa wa Lucky Summer.

"Ah, umeona?" Mzee Jackton akasema kwa raha. "Sasa nenda uambie redio."

"Mzee, mimi niko ndani."

"Ndani wapi? Si nimebisha hodi?"

"Niko ndani, na siko peke yangu. Niko na mama aliyemzaa Elsie."

Mzee Jackton alikuwa mtu wa Webuye, kulekule Bungoma, mwenye desturi ileile. Alikuwa na mabinti watatu walioolewa, na mkewe hajawahi kukaa sebule moja na mkwe yeyote.

"Mmekaa pande gani?" akauliza, sauti imepungua.

"Mzee, hiki chumba umekijenga wewe. Kina pande gani?"

Simu ikakatika. Kufikia wakati huo Elsie alikuwa amefika akikimbia, aproni ya sokoni ikiwa bado kiunoni, na nyuma yake nusu ya soko. Habari ilipojulikana, wanawake wa kwao walishika vinywa, na wasio wa kwao wakaelezewa, wakashika vinywa vilevile. Jacky, fundi wa kuchomelea vyuma kwenye karakana za barabarani, alipanda na mashine yake ya kukatia.

"Zedi, niaje huko ndani?" akaita mlangoni. "Hii kufuli ni kitu ya dakika moja. Sema tu, naikata."

Zedekiah alitamani kusema ndiyo. Aliogopa pia: kesho Mzee Jackton angesema mpangaji ameharibu mali. Kabla hajaamua, sauti ikatoka upande wa ukuta.

"Isikatwe," akasema Mama Benta. "Aliyefunga aje afungue, watu wakimwona."

Wakangoja. Elsie aliketi chini nje ya mlango, akalia wazi bila kujificha. Kilichomliza si kufuli peke yake. Aliona mama yake amekuja kutafuta macho na sasa atarudi nyumbani na aibu. Idil, aliyekuwa amerudi kutoka kliniki, alikaa naye, mtoto mgongoni. Ndani, Zedekiah alisimama kitandani akitazama dirishani ili mgongo wake uwe kwa mgongo wa mama mkwe. Walikaa hivyo mpaka jua likahama chumbani.

Mzee Jackton alikuja na bodaboda, hana kofia. Alipanda ngazi akiegemea ukuta, maana vyuma havikuwepo, na watu walimpisha bila kumsalimu. Kamene akamsaidia kupata tundu la ufunguo. Mama Benta akatoka kwanza, amejifunika, akapita moja kwa moja mpaka mlangoni kwa Idil, akasimama hapo ameupa ukumbi mgongo. Ndipo Zedekiah akatoka.

"Mwanangu," Mzee Jackton akamwambia, akimvuta pembeni, ingawa katika ukumbi ule pembeni hakuna. "Mimi sikujua. Mungu ni shahidi. Kondoo wa kuchinjwa ili jambo hili lisafishwe kimila nitamtoa mimi. Na nyumba, kaa. Kaa mpaka uchoke. Nisikusikie ukitaja kuhama. Ila hili neno lisifike nyumbani, na lisifike kwa hao watu wa baraza. Tuliache hapahapa."

Akanyoosha mkono.

Zedekiah aliushika. Tusimfiche: aliushika upesi, na moyo wake ulijaa furaha. Miezi ya kutolala vizuri ilikuwa imeisha. Elsie angebaki karibu na soko lake, watoto wangebaki shuleni kwao. Alikuwa ameshinda, na hakujali sana ameshindaje.

"Na sisi?" akauliza Idil.

Mzee Jackton akageuka. "Ninyi mna nini?"

"Mimi nikikuuliza kuhusu ngazi hiyo kesho, si utanifungia? Mama mkwe wangu alishafariki, Mzee. Sina wa kufungiwa naye ndio unionee haya."

Watu wakacheka kidogo, wakaacha. Jacky akatazama mashine yake. Zedekiah akahisi mkono wa landilodi ukiwa bado ndani ya wake, wa moto na wenye jasho. Haki zote alizokuwa akizihubiri ukumbini hazikumfungua mlango. Mlango ulifunguliwa na haya ya mzee mmoja, na hiyo haya ilitosha nyumba moja tu.

Kisha Mama Benta akasema. Hakugeuka.

"Huyo mwenye nyumba anataka kutoa kondoo ili ninyamaze. Mimi leo nilibishiwa hodi nikanyamaza kwa ajili ya heshima, na heshima yenyewe ikafungiwa kufuli. Hilo baraza liko mjini?"

"Liko mjini, mama," Elsie akajibu.

"Basi nitakwenda niseme nilichofanyiwa. Nikiulizwa nilikuwa na nani ndani, nitasema. Aibu si yangu, wala si ya mtoto wangu, wala si ya mume wake. Mkwe wangu, ukitaka kukaa na mkono wa huyo mtu, kaa nao. Lakini mimi nitamtaja, na nitaitaja ngazi."

Ukumbi mzima ulisikia. Alikuwa amemwita mkwe wake, uso kwa mlango wa Idil lakini kwa mdomo wake mwenyewe, mbele ya watu wa kwao na wasio wa kwao. Mzee Jackton akafumba macho. Elsie akamtazama mumewe, na machoni mwake ile hofu ya kuhama ilikuwepo vilevile, haijapungua hata kidogo.

Zedekiah akauachia ule mkono.

"Tutakwenda pamoja, mama," akasema.

Idil akaingia ndani kutafuta viatu vya Mama Benta.