Alichokikataa Bi Tarehe

Karatasi waliyoniletea asubuhi ya maziko ilisema kwamba mama yangu ameacha mke na watoto saba.

Niliisoma mara mbili nimesimama mlangoni mwa jikoni, mikono bado ina povu la sabuni. Juu ilikuwa na nembo ya idara, chini muhuri na sahihi ya Mkurugenzi iliyochorwa kwa mbwembwe kama ya mtu anayesaini mikataba ya nchi. Katikati yake alikuwamo marehemu ambaye eti hakuwahi kupata ajali hata moja katika utumishi wake wote. Mama hakuwahi kuendesha hata baiskeli. Walikuwa wamechukua wasifu wa dereva wa idara, aliyefariki mwaka uliopita, wakabadilisha jina na picha, wakaona kazi imekwisha.

Na wasifu wa dereva yule ulikuwa umeandikwa na mama. Hilo ndilo lililonikata maini. Kwa miaka ishirini, kila alipofariki mtumishi wa ofisi ile ya kusajili vizazi na vifo, kalamu alikabidhiwa mama. Na hakuandika kwa kubahatisha. Alivaa viatu vyake vya kazini, akaenda hadi kwa wafiwa, akakaa mchana kutwa, na kabla ya kuondoka aliuliza swali moja: marehemu alikataa nini?

"Kazi anayoifanya mtu amepangiwa," alikuwa akituambia mimi na mdogo wangu. "Ukitaka kumjua mwenyewe, uliza alichokikataa."

Mjane wa dereva alimwambia kwamba mumewe alikataa kuwasha gari ikiwa nyuma kuna mtu amesimama, na siku moja aliwaacha wakubwa wakiungua jua saa nzima kwa sababu hiyo. Mama aliliandika hilo. Mkurugenzi alilikata kwa wino mwekundu, mama akalirudisha, na siku ya maziko likasomwa. Hiyo ndiyo sehemu pekee ambayo haikuwamo kwenye karatasi yangu. Walikumbuka kunakili mke wa dereva na watoto wake saba, wakasahau kunakili kitu cha maana.

Mtaani walimwita Bi Tarehe. Aliandika tarehe kwenye kopo la sukari siku alipolifungua, kwenye sabuni, kwenye betri za saa ya ukutani. Fremu ya mlango wa chumba chetu imejaa mistari ya penseli ya vimo vyetu, kila mstari na siku yake. Alimwamsha baba, alimpigia pasi mashati, alimkumbusha dawa ya presha, kisha akatembea dakika arobaini kwenda kazini na alifika kabla ya mwenye funguo. Alikuwa na kichwa kigumu kuliko mtu yeyote niliyewahi kumpenda. Nasema hivyo kwa hasira, na hasira yenyewe siioni haya.

Nilimpelekea baba ile karatasi chumbani. Alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, shati limefungwa vifungo kombo, na hakukuwa na mtu wa kumwambia. Aliisoma polepole, kwa macho ya mwalimu wa hesabu aliyesahihisha madaftari miaka thelathini na nne. Akachukua kalamu. Akakata neno mke, akaandika mume. Akakata saba, akaandika wawili. Akanirudishia.

"Basi," alisema. "Soma hivyo. Watu wanakuja kuzika, mwanangu, hawaji kusikiliza kesi."

Alijua ni kesi gani. Miaka tisa iliyopita Mkurugenzi, ambaye alikaa na baba yangu dawati moja tangu darasa la kwanza, alianza kuuona mwisho wa kazi unamjia. Alitaka miaka minane ipunguzwe kwenye rekodi ya kuzaliwa kwake. Kwenye idara nzima sahihi moja tu ndiyo iliyotakiwa, nayo ilikuwa ya mama. Mama alikataa. Wiki iliyofuata alihamishiwa stoo ya vitabu vya zamani, chini ya ngazi, chumba kisicho na dirisha ambacho maji yalivuja kila mvua iliponyesha. Sahihi akaitoa mtu mwingine, kwa kiapo cha uongo, na mtu huyo leo ana ofisi yenye kapeti.

Mwaka wa tatu kifua kilianza. Daktari alisema ni vumbi na ukungu. Mama aliomba kwa barua kuhamishwa, barua nne, na kila moja ilijibiwa kwa lugha nzuri sana. Amekufa ana miaka hamsini na tisa. Baba alistaafu miaka sita iliyopita, na mwenzake wa dawati moja bado hajafika umri wa kustaafu. Nani ananiambia hiyo si kesi?

Lakini baba alikuwa na sababu nyingine, akainong'ona akiangalia mlango. Mdogo wangu alikuwa karani mpya kwenye idara ileile. Alifaulu usaili wake mwenyewe, bila kubebwa, na muda wake wa majaribio ulibakiza miezi miwili. Barua ya kuthibitishwa kazini inasainiwa na mtu mmoja. Mdogo wangu ana mke mjamzito na chumba kimoja cha kupanga. Nikifungua mdomo, ninayemwangusha ni yeye, wala si Mkurugenzi.

Nilitoka. Mdogo wangu alikuwa uani chini ya turubai, akifunga waya za kipaza sauti, macho yamevimba. Tangu mama aanze kulazwa, yeye ndiye aliyepewa stoo. Nilimwonyesha karatasi. Aliisoma mpaka mwisho, akaikunja, akaiweka mfukoni mwake.

"Sema unachokijua, dada," alisema.

Nilimwambia asijitie ushujaa, afikirie wa tumboni kwanza. Aliendelea na waya zake.

Saa nne viti vilikuwa vimejaa. Mkurugenzi alifika na gari la idara, akakaa mstari wa mbele, nywele nyeusi tii kwa rangi ya dukani, leso mkononi tayari kwa kulia. Sikumwamkia. Nilisimama mbele ya jeneza bila karatasi yoyote.

Nilianza na swali la mama, maana wengi pale walikuwa wamewahi kuulizwa. Niliona vichwa vikitikisika, na mjane wa dereva akafunika uso. Kisha nikasema kwamba leo swali ni lake, na wa kwanza kukataliwa ni mimi.

Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu na miezi miwili. Chuo cha ualimu kilikuwa kinachukua mwisho miaka ishirini na mitatu. Miezi miwili tu. Nilimwomba mama anisogezee tarehe, nikamlilia, nikampigia magoti kwenye sakafu ya jikoni. Alinishika mashavu, akaniambia siku niliyozaliwa ilikuwa siku nzuri kuliko zote alizowahi kuziandika na hawezi kuifuta. Nilimwona mama mwenye roho ya jiwe. Sikusema naye miezi mitano katika nyumba ya vyumba viwili. Alikuwa ananiwekea chakula mezani na kuondoka ili nile. Leo nashona nguo za watu, na hasira ile sikuwahi kuimaliza naye, na sasa nimebaki nayo peke yangu. Hayo niliyasema mbele ya watu wote.

"Baada yangu," nikasema, "alikuja mwingine."

Nilisita. Mkurugenzi alikuwa anakunja leso yake, anaikunjua. Nilimtazama mdogo wangu pembeni ya spika, nikafikiria chumba chake kimoja na yule mtoto ambaye bado hajapata tarehe. Kabla sijaamua, nilisikia kiti kikilia nyuma yangu. Baba alikuwa amesimama.

"Huyo mwingine ni mimi," alisema. "Kuna rafiki yangu alinipa fomu. Nikaileta nyumbani, nikaiweka mbele ya mke wangu, nikamwambia kama unaniheshimu, saini. Alinipigia pasi shati kesho yake, na fomu akanirudishia ndani ya mfuko wa shati hilo, haijasainiwa. Nilimnunia mwaka mzima."

Akakaa. Baadhi ya watu wakageuza shingo kutazama mstari wa mbele. Ningependa kusema kwamba nilimhurumia. Sikumhurumia. Nilifikiria mama akikohoa kwenye chumba kisicho na dirisha, akirudi nyumbani kwa mume aliyemnunia, na hata sasa, mbele ya maiti yake, mwanamume huyu alikuwa bado anamficha rafiki yake kwa neno "rafiki". Lakini na mimi nilimficha. Nilimeza jina lililokuwa limefika ulimini, kwa ajili ya mdogo wangu. Nikasema mama ameacha mume mmoja na watoto wawili, nikakaa.

Basi akaitwa Mkurugenzi atoe salamu za idara. Alisimama taratibu, akapokea kipaza sauti kwa mdogo wangu, akajifuta macho yaliyokuwa makavu. Alisema idara imepata pigo. Alisema marehemu alikuwa nguzo, aliyejitolea mwenyewe kwenda kuhifadhi vitabu vya zamani kwa mapenzi ya kazi. Nilishika kiti. Kisha akashusha sauti, akasema kwamba yeye binafsi amefiwa kuliko wote, kwa sababu amempoteza dada yake mkubwa.

Dada yake mkubwa. Mama alikuwa bado anajifunza kutambaa wakati huyu anavuliwa kofia ya shule na baba yangu. Sikujua kwamba nimesimama mpaka niliposikia sauti yangu.

"Una umri gani, mzee?"

Alitabasamu, lile tabasamu la kuwastahi wafiwa. Alisema uchungu ni uchungu, binti yangu, na kama ni umri, yeye ana hamsini na nane, dada alimpita mwaka mmoja.

Baba aliinamisha kichwa. Nilimngoja aseme. Yeye ndiye aliyekaa naye dawati moja, na neno lake lisingemgharimu yeye mwenyewe kitu. Hakusema. Wazee wengine waliosoma nao wakapata kazi ya kutazama kucha zao.

Mdogo wangu ndiye aliyesogea. Alinyoosha mkono, akachukua kipaza sauti kutoka kwenye vidole vya Mkurugenzi, kwa adabu kabisa, kama mtu anayepokea kikombe kilichokwisha kunywewa. Nilimtikisia kichwa. Nilimwashiria aache. Hakunitazama. Alitazama jeneza, akasoma kutoka kichwani kama mama alivyokuwa akisoma, siku kwanza, pole pole, ili anayeandika asikosee.

"Tarehe tatu, mwezi wa nane, mwaka elfu moja mia tisa hamsini na nane. Mtoto wa kiume. Kitabu cha kumi na nne, ukurasa wa mia mbili na sita. Kipo rafu ya juu, kimefungwa nailoni kisilowe. Mama alikifunga mwenyewe."

Akamrudishia Mkurugenzi kipaza sauti, akaenda kushika jeneza upande wa mbele.