Msumeno wa Mtu Mmoja

Mjaka alikuwa mtu wa kushuku, na kushuku kwenyewe alikufanya kama ibada. Ukimpa kahawa, atauliza kwa nini leo. Ukimsalimu mara mbili, atapapasa mfuko wake. Mkewe, Mwanamwema, alishachoka kumtetea kwa majirani wa Ng'ambo. Siku hizi akiulizwa husema tu, "Ndivyo alivyoumbwa, na mimi ndivyo nilivyoozwa."

Mtu mmoja tu ambaye Mjaka hakuwahi kumshuku ni Kificho. Wawili hao walipasua mbao pamoja tangu ujana wao, kwa ule msumeno mrefu wa mkono unaotaka watu wawili, mmoja juu ya gogo na mmoja chini shimoni. Mjaka alikuwa wa juu. Kificho alikuwa wa chini, unga wa mbao ukimmiminikia usoni mchana kutwa. Kwa kuwa hawakuonana, walikuwa na mwito wao. Kabla ya kuvuta, Mjaka huuliza, "Upo?" Kutoka chini hujibiwa, "Nipo." Hapo tena msumeno ndio huanza kula.

Mwaka ule majumba ya Michenzani yalikuwa yakipanda, na mbao zilitakiwa kuliko mkate. Wapasuaji wenye misumeno ya moto, ile inayokwenda kwa injini, walikuwa wakimaliza gogo zima kabla Mjaka na Kificho hawajaliweka lao sawa juu ya shimo. Ama na wao wapate msumeno wa moto, ama wafunge kazi. Akiba yao ya pamoja ilitosha mmoja tu, tena uliokwishatumika. Wakikosea kuchagua, basi tena.

Ikapatikana miwili. Wa kwanza ulikuwa wa Borafya, mtu wa Makunduchi, aliyeutumia kuangushia miti mashambani. Huo ulikuwa mkongwe, mzito kama jiwe la kusagia, rangi imekwisha, na una mshikio huku na huku, kwani hushikwa na watu wawili. Wa pili ulikuwa wa Bakar, fundi wa injini wa hapo hapo mtaani, aliyeuziwa na Mzungu mmoja aliyerudi kwao. Huo haukuwa na umri, mwepesi, wa kushikwa na mtu mmoja.

Kificho aliutaka huo mpya, na hapo ndipo mdudu alipoingia.

"Ukuukuu wa kamba si upya wa ukambaa," Mjaka alisema.

"Hatununui kamba, bwana," Kificho akajibu, akifikicha macho yake mekundu. "Tuchukue huu wa Bakar. Huu mtu mmoja anautosha."

Mtu mmoja! Mjaka alirudi nyumbani na neno hilo kama mwiba wa samaki kooni. Huyo mmoja ni nani? Na yule wa pili aende wapi? Umri wote wamekula sahani moja, leo mwenzake anatafuta msumeno usiokuwa na nafasi yake! Kikulacho ki nguoni mwako, alijiambia, na usingizi ukamruka.

Waliahidiana asubuhi waende pamoja kuujaribu msumeno wa Bakar. Lakini alfajiri, adhana ndiyo kwanza imekwisha, ikasikika hodi. Ilikuwa sauti ya Kificho.

"Mwambie nimelala," Mjaka alimwambia mkewe. "Kaja kunibembeleza kabla sijapata akili."

"Sauti yake si nzuri, baba Tabia."

"Ndiyo sauti yake ya hila hiyo. Mwambie nimelala!"

Kabla Mwanamwema hajaufikia mlango, hatua zilikuwa zikiondoka.

"Umeona?" Mjaka akasema kwa furaha. "Angekuwa na haja ya kweli angengoja."

Jua lilipochomoza hakukaa. Alitaka awahi kwa Bakar kabla ya saa ya ahadi, amkute mtu na siri yake. Naye aliikuta, au ndivyo alivyodhani. Alipokata kona ya kichochoro, alimwona Kificho akitoka uani kwa Bakar, nywele zimejaa unga wa mbao, na kifuani ana mzigo bapa uliofungwa kanga.

"Kificho!"

"Naam." Alisimama, lakini hakugeuka.

"Tuliahidiana kwenda pamoja. Umetangulia kufanya nini?"

"Mjaka, leo niwache."

"Nikuwache? Na unga huo kichwani wa nini? Mshaujaribu, mshapatana, mimi nije kuitikia amina tu! Ati mtu mmoja anautosha. Kumbe mmoja mwenyewe ni wewe! Basi mimi na wewe leo mwisho."

Kificho akageuka. Macho yake, mekundu siku zote, siku hiyo yalikuwa mekundu zaidi.

"Kanunue unaoutaka," alisema. Akaukumbatia mzigo wake kwa mikono miwili, akenda zake. Mjaka akaona hata huko kukumbatia ni kwa mwizi.

Uani, Bakar alikuwa akipangusa mikono. Mjaka hakutoa hata salamu. Aliuendea msumeno, akaweka kiganja juu ya injini, akakiondoa upesi.

"Mbona una moto hivi?"

"Umetoka kufanya kazi."

"Kazi gani asubuhi yote hii? Umeupasha, ili mbele yangu uvutwe kamba mara moja uwake. Mashine mbovu ndivyo zinavyouzwa, nshasikia."

Bakar alimtazama kama anayemtazama mgonjwa. "Kuna kazi mtu haitangazi, Mjaka. Na habari ina wenyewe, muulize mwenzio. Lakini nkwambie jambo moja. Msumeno huu alikutakia wewe. Anasema macho yake yamekwisha kwa unga wa shimoni, mwakani hayafiki. Anataka akuwachie kitu utakachokiweza peke yako."

Mjaka akacheka kicheko kikavu. "Hadithi mmeipanga vizuri. Aliyeipanga nani, wewe au yeye?"

Akatoka, moja kwa moja mpaka kwa dada wa Borafya, alikofikia yule mtu wa Makunduchi. Msumeno wake ulikuwa umelala ukumbini, baridi kama maji ya mtungi. Borafya alimtajia ila zake zote: unatoa moshi, una uzito, na kamba yake ina ukaidi wa punda. Mjaka akaupenda hapo hapo. Mtu anayekutajia ila zake, alifikiri, hana nyingine ya kukuficha. Akautoa mkoba wa akiba, akanunua, akamtafuta hamali mwenye gari la kusukuma, wakaufikisha penye shimo lao.

Hamali alipoondoka, Mjaka alishika mshikio, akanyanyua. Upande mmoja ukainuka, wa pili ukabaki chini. Akazunguka, akaushika wa pili. Wa kwanza ukalala. Akazunguka tena. Hapo ndipo akili ilipomjia kwamba amenunua msumeno wa watu wawili siku ile ile aliyomfukuza wa pili. Atatafuta mwengine, alijiambia. Lakini kila aliyemfikiria, hakumwamini kusimama naye kwenye meno yale.

Mwanamwema akatokea, anakimbia, buibui halijakaa sawa.

"Upo hapa unacheza na vyuma? Huendi kuzika?"

"Kumzika nani?"

"Mjukuu wa Kificho! Binti yake Mwatima kajifungua usiku. Mtoto kalia vizuri tu, kufika alfajiri kafa. Wanamtoa baada ya adhuhuri. Viunza kavikata babu yake mwenyewe, kwa msumeno wa Bakar."

Viunza ni mbao zinazomfunika maiti ndani ya kaburi. Mtaa mzima ulivipata kwa Mjaka na Kificho, bila malipo, na saa yoyote wakiitwa waliamka wote wawili, kwani msumeno wa mkono haukati kwa mtu mmoja.

"Sasa mbona hakuja kuniita?" Mjaka aliuliza, na jibu likamfika kabla hajamaliza kuuliza.

"Alikuja," Mwanamwema akasema. "Na kuta zetu ni za udongo, baba Tabia. Alikusikia."

Mjaka akakaa chini, juu ya unga wa mbao. Aliona aibu, aibu ya kutaka kujificha. Ule mzigo bapa kifuani. Mpasuaji wa miaka yote, kaona mbao fupi namna ile ndani ya kanga asijiulize ni za nini. Akaficha uso, akalia.

Makaburini aliwakuta wamekwishaswali. Hakuna aliyemsogelea, wala aliyemfukuza. Bakar alimpisha njia bila ya kumtazama. Lilipoulizwa nani atashuka kupokea, Makungu, shemeji yake Kificho, alianza kukunja kanzu yake, lakini Mjaka alikuwa ameshaingia. Yeye, mtu wa juu siku zote, alisimama chini, na mchanga ulimteremkia usoni. Hakuupangusa.

Alimpokea mtoto, mwepesi kuliko ubao, akamlaza ubavu wa kulia na kumwelekeza kibla. Kisha akanyoosha mikono ya kupokea viunza.

Kificho alipiga magoti ukingoni na ubao mikononi. Alikuwa akitazama chini, lakini hakutazama pale alipo Mjaka. Alitazama pembeni kidogo, akipapasa kwa macho, na Mjaka akajua kwamba Bakar hakusema uongo. Mwenzake alikuwa haoni vizuri nani yumo kaburini. Aliyajua mabega yale tu, au pengine pumzi.

Ubao haukushuka. Watu wakangoja.

"Upo?" Kificho akauliza.

Mjaka alimeza mchanga na machozi pamoja.

"Nipo," akajibu, na ubao ukashuka.