Ubao wa Kwa Wawili

Kila mwaka, kabla ya msimu wa wageni, halmashauri ya mji ilichapisha kijitabu cha kurasa ishirini na nne: *Siku Mbili Mjini Kwetu: Mambo ya Kufanya na Mahali pa Kulia*. Aliyekiandika alikuwa mwanamke wa ofisi ya habari, mjane, mfupi wa maneno na mkali wa kalamu, ambaye wenzake walishasahau jina lake wakabaki kumwita Bi Kijitabu. Mji wenyewe haukuwa mkubwa wala mdogo. Ulikuwa na kilima cha kupanda kwa ngazi mia na kumi, makumbusho ya vyumba viwili ambayo mlinzi wake hulala katika kile cha pili, bustani yenye bwawa, na soko la vitabu vikuukuu. Bi Kijitabu aliweza kuzijaza siku mbili hizo bila kusema uongo, na hiyo si kazi ndogo.

Alikuwa na kanuni moja aliyoitunga mwenyewe: hapaandikwi mahali pa kulia mpaka yeye akae, ale na alipe. Kwa kujificha nyuma ya kanuni hiyo alikuwa ameuruka mgahawa mmoja miaka minne mfululizo. Ulikuwa karibu na stendi ya mabasi, hatua chache kutoka ofisini kwake, unajaa kila mchana, na uliitwa Kwa Wawili. Mkuu wa idara alipouliza, alijibiwa kwamba kila Bi Kijitabu akipita anakuta pamefungwa. Mkuu mwenyewe alikuwa akila pale kila Jumanne.

Mwaka huu mkuu aliletewa barua ya malalamiko. Alimwita Bi Kijitabu, akamsomea yote, akamwambia kijitabu ni cha mji, si uwanja wa vita vya ukoo. Maelezo ya Kwa Wawili yawe mezani kwake Ijumaa, la sivyo mwakani kitaandikwa na mtu mwingine. Chini ya barua palikuwa na sahihi ya wifi yake Bi Kijitabu.

Wifi huyo, dada wa marehemu mumewe, mji mzima ulimwita Bi Kaunta, maana tangu aukamate mgahawa hakuna aliyewahi kumwona kuanzia kiunoni kwenda chini. Mawifi hawa hawakuiva chungu kimoja tangu siku ya posa. Mgahawa ulianzishwa na Bi Kijitabu na mumewe, mume jikoni, mke kila kitu kingine, katika nyumba ya baba mkwe. Bi Kaunta siku hizo aliishi mji mwingine na hata salamu hakuleta. Alikuja kaka yake alipougua, na msiba haujapoa akasema nyumba ni ya baba yao. Hilo lilikuwa kweli, na mjane akamkabidhi funguo mbele ya watu.

Hayo Bi Kijitabu angeweza kuyameza. Kilichomkaba koo ni kilichofuata. Kila mteja aliyeuliza wawili hao ni akina nani, Bi Kaunta alimjibu: mimi na kaka yangu. Alilisema mwaka wa kwanza, akalirudia wa pili, na sasa mji mzima ulilijua hivyo. Miaka tisa ya ndoa ilikuwa inafutwa kama meza, mchana kweupe, na watu wanakula juu yake.

Alhamisi saa sita na nusu alikwenda. Alivaa gauni lake zuri kuliko yote, kwa shari tu. Mlangoni aliinua macho, akasimama. Ubao ulikuwa mpya, wa plastiki, una taa ndani, umetengenezwa kwa mashine. KWA WAWILI, ulisema, na ile I ya mwisho, kama kwenye ubao wa zamani, ilikuwa ndogo, imepanda juu ya mguu wa L kama mtoto aliyebebwa. Aliitazama mpaka mtu akamwomba apishe njia.

Ndani, Bi Kaunta alimwona, akamwonyesha kwa kidevu meza ya pembeni, ile iliyo kando ya bomba la kunawia, ambapo kila anayekung'uta mikono anamrushia maji anayekula.

"Si unaandika mahali pa kulia?" alisema, kwa sauti ya kusikika meza zote. "Basi kaa hapo ulie."

Watu wakacheka. Bi Kijitabu akakaa. Walioingia baada yake wakahudumiwa, wakala, wakaondoka, na yeye bado anafuta matone shavuni. Supu ya samaki ilipofika alikuwa ameshatunga kichwani sentensi tatu za kuizika. Akaonja. Ilikuwa ileile, ndimu ileile, hata ile pilipili iliyowekwa nzima ili ionekane na ikwepwe. Alitamani sana iwe mbaya. Ilimuuma roho kwamba mkono wa mumewe ulikuwa bado hai kwenye chungu cha mtu huyu.

Ndipo Bi Kaunta akatoka nyuma ya kaunta, jambo lililowafanya watu waache kutafuna. Akaweka karatasi kando ya bakuli.

"Nimeshakuandikia, usijisumbue. Mgahawa ulioanzishwa na kaka na dada. Nakili hivyohivyo."

"Mimi huandika ninachokijua, wifi."

"Unachokijua wewe ni kuosha sahani. Ulikuja hapa kula kama mteja mwingine, mpishi akakuonea huruma. Nani alikwambia umo kwenye wawili?"

Mkono wa Bi Kijitabu ulishika bakuli, na kwa kitambo kidogo lilikuwa karibu kuruka. Angemwagia, angefurahi kwa dakika moja, na kesho kijitabu kingekuwa na mwenyewe mwingine. Akauweka mkono pajani.

"Ubao mpya ni mzuri," alisema. "Na hiyo I ya juu umeiacha."

"Niliwaambia mafundi wasiguse hata nukta. Ile ndiyo nembo yetu. Tuliifikiria sana, mimi na kaka."

Bi Kijitabu akashika kijiko. Watu waliojua habari ya ile I walikuwa wawili duniani, mmoja ameshazikwa. Alimaliza supu, akafuta bakuli kwa mkate, akalipa, akadai risiti.

Ijumaa mkuu wa idara alikuta maelezo mezani, akayasoma mara mbili akitafuta sumu, hakuiona. *Kwa Wawili, karibu na stendi. Supu ya samaki bora kuliko zote mjini. Wahi, usije ukapewa meza ya bomba. Ulianzishwa na watu wawili. Kabla ya kuagiza, muulize mwenye kaunta kwa nini I ya mwisho kwenye ubao imepanda juu ya mguu wa L.* Mkuu akasema wageni hupenda vitu vya namna hiyo, akatia sahihi. Zikachapishwa nakala elfu tano.

Wageni wakaja, na wageni ni watu watiifu. Walipanda ngazi mia na kumi, wakamwamsha mlinzi wa makumbusho, kisha wakaenda Kwa Wawili, wakauliza. Bi Kaunta aliwajibu wa kwanza kwamba ni nembo. Walipotaka maana yake, akasema ni ishara ya upendo. Siku nyingine akasema ni moshi unaotoka jikoni. Meza mbili zililinganisha majibu, zikacheka. Wenyeji nao wakaanza kuuliza, na wapiga debe wa stendi wakambadilisha jina wakamwita Bi Mguu wa L.

Katikati ya msimu alikuja ofisini. Alipanga foleni kwenye dirisha lililoandikwa WAGENI, nyuma ya watu wenye mabegi, uso umemsinyaa. Zamu yake ilipofika aliuliza kitu kwa sauti ya chini.

"Sema vizuri, wifi. Hapa pana kelele."

"Kwa nini ile I imepanda juu?"

Bi Kijitabu alikuwa ameandaa majibu mengi kwa siku hii, yote ya kuchoma. Yakamkimbia. Machozi yalimlenga, akakasirika kwamba yamechagua kuja mbele ya mtu huyu.

"Ubao ulituishia," alisema. "Mimi niko juu ya ngazi na brashi, yeye chini ameishika, ananitajia herufi. Hatukupima. Tulicheka mpaka rangi ikamwagika."

Bi Kaunta alishika ukingo wa dirisha.

"Na mwakani utaandika nini?"

"Nitakuja kula kwanza. Nitakaa meza ninayotaka, nikuulize wawili ni akina nani. Utakachojibu ndicho nitakachoandika."

Kisha akamwomba asogee, kulikuwa na wageni wengine nyuma yake.