Kalori za Bwana wa Forodha

Samaki alirudi jikoni kama alivyotoka, hata jicho halijaguswa. Gideoni aliitua sinia mezani, akamtazama mbasa yule aliyemkolezea chumvi na ndimu tangu asubuhi, na zile ndizi alizozipika kwa maziwa mpaka zikawa laini kama siagi. Tangu mvua zianze, kila alichokipeleka barazani kilirudi kimepoa.

Bwana wake alikuwa Mdachi, yaani Mjerumani, aitwaye Ruprecht, msimamizi wa forodha ya Mwaya, pale meli zilipokuwa zikishusha mizigo kaskazini mwa Ziwa Nyasa. Jina hilo liliwashinda watu, wakamwita Bwana Rupe. Zamani alikuwa mnene, mwenye tumbo la kutangulia mlangoni, na alipenda kula kuliko kitu kingine chochote. Alikuwa akiingia jikoni mwenyewe, anafunua chungu, ananusa, anacheka. Gideoni, aliyejifunza upishi kwa wamisionari wa Matema, alimpikia kwa moyo mmoja.

Kisha Bwana Rupe akavuka kwenda upande wa Waingereza kwa mapumziko, akarudi na makasha ya wiski na namna ya kuichanganya. Wiski vipimo viwili, ndimu moja iliyokamuliwa, sukari vijiko viwili, na ute mweupe wa yai moja. Vyote vinatiwa kwenye chupa, vinatikiswa kwa nguvu mpaka povu lipande. Barafu haikuwapo Mwaya, kwa hiyo chupa ilipozwa kwenye mtungi wa maji, ile mitungi wanayofinyanga wanawake wa Kikisi.

Mwanzoni Gideoni hakuona ubaya. Mzungu kunywa kabla ya chakula si habari. Habari ilikuja pale kinywaji kilipokuwa ndicho chakula.

"Gideoni," bwana alimwambia siku ile ya mbasa, akiwa amejinyoosha kitini, "wewe unafikiri mimi sili. Mimi ninakula. Unaiona ile meli? Inakula nini?"

"Kuni, bwana."

"Kuni! Haili samaki, haili ndizi. Inataka moto tu. Mwili wa mtu ni vilevile. Madaktari wa kwetu wamepima. Moto wa chakula unaitwa kalori." Akainua glasi, povu likamgusa masharubu. "Wiski hii, kalori mia moja na thelathini. Sukari, arobaini na kidogo. Ute wa yai, kumi na saba. Ndimu, chache sana. Jumla karibu mia mbili. Mtu anayekaa kitini kama mimi anataka elfu mbili kwa siku. Basi, glasi kumi. Hesabu imekwisha."

"Na samaki, bwana?"

"Samaki ni kazi bure. Kutafuna, kutoa miiba, jasho. Peleka."

Gideoni akapeleka. Alimpelekea nani? Nyumbani kwake, kwa mkewe Anyisile na mwanawe Aliko, kwa sababu kumtupa mbasa mzima hakuweza. Tena kila siku vilibaki viini vya mayai kumi, vya manjano, vizuri, vimekaa bakulini kama vinamcheka. Anyisile alivikaanga. Aliko akanenepa mashavu, na bwana akakonda.

Watu wana macho. Kabla mvua hazijakoma, Anyisile alirudi kutoka kuteka maji amekasirika.

"Baba Aliko, unajua wanasema nini? Wanasema unamnyima mzungu chakula, unakuja kutulisha sisi. Wanasema yule atakufa na wewe utanyongwa."

"Nimlishe kwa bomba?" Gideoni alifoka. "Nimpige kabari nimtie ndizi mdomoni? Sema wewe, nifanyeje!"

Anyisile alitua mtungi wa maji. Akamwekea chakula, akaenda zake kumenya ndizi.

Gideoni akaamua kutumia ujanja. Asubuhi iliyofuata alivunja yai, akatia ute na kiini pamoja, akaongeza maziwa, akapunguza wiski, akatikisa mpaka mikono ikamuuma. Bwana alionja, akaiweka glasi chini polepole.

"Ni ya manjano."

"Ni yai hilohilo, bwana. Nimeona bora lote liingie."

"Umeona!" Bwana aliinuka, akayumba, akashika nguzo ya baraza. "Umeniharibia hesabu! Sasa nitajuaje nimekula kiasi gani?" Akaimwaga yote kwenye maua.

Gideoni alitazama maziwa yakizama kwenye udongo. Alitamani kulia, alitamani kumpiga mtu. Alichofanya ni kuokota glasi na kwenda kutengeneza nyingine, ya ute mtupu.

Basi miguu ya Bwana Rupe ikaanza kuvimba. Alisema nyayo zinawaka moto, usiku na mchana, kisha akasema hazisikii kitu kabisa. Akawa anavaa kiatu kimoja na kusahau cha pili. Mikono ilitetemeka hata muhuri wa forodha aliugonga pembeni. Na bado alihesabu: glasi ya nne, mia nane, glasi ya tano, elfu moja.

Siku moja Gideoni alisimama mbele yake mikono mitupu.

"Bwana, leo sitikisi chupa."

"Unasemaje?"

"Nasema kalori zimetimia kila siku, na bwana hawezi kusimama. Mimi nina macho. Hicho kitu kinakuua. Nimekupikia mchuzi wa kuku. Kunywa mchuzi kwanza, ndipo nitatikisa."

Bwana akacheka, kicheko chembamba kisicho na tumbo tena. Akajikokota mwenyewe mpaka ndani, chupa zikagongana, sukari ikamwagika. Gideoni alisikia kishindo. Alipoingia alimkuta sakafuni, amelala kifudifudi katika vigae vya chupa na povu, hajitambui.

Askari wa forodha, Lameck, alitumwa mbio kwenda boma la serikali, milimani. Daktari wa kijeshi aliposhuka, alimkuta mgonjwa amezinduka lakini amelegea kama kitambaa. Akambonyeza miguu, shimo likabaki katika nyama. Akaingia jikoni, akafunua vyungu: wali, kuku, maharage, vyote vimejaa. Akatoka uso umemwiva.

"Chakula kipo, na bwana wako anakufa kwa njaa. Unakipeleka wapi?"

"Ninampelekea yeye. Hataki kula."

"Mwongo. Mji mzima unasema unamlisha mkeo na mwanao." Daktari akamgeukia Lameck. "Hamsa ishirini."

Gideoni aliijua hesabu hiyo, na kila mtu katika nchi ya Mdachi aliijua: viboko ishirini na tano. Alitaka kueleza habari za ute na ndimu na meli, lakini maneno yalimjia yote kwa pamoja, na lolote ambalo angesema lingekuwa kama kichekesho.

Ndipo sauti ikatoka kitandani. "Usimpige. Aliniletea. Mimi sikutaka." Akapumzika. "Nilikuwa na kalori za kutosha."

Bwana Rupe akaeleza hesabu yake, kwa Kiswahili, labda ili Gideoni naye asikie. Daktari alisikiliza, akaiangalia glasi.

"Hesabu yako haina kosa," alisema. "Moto umo. Lakini mwili si tanuri tu. Unajijenga kila siku, nyama, damu, mishipa, na humu hakuna cha kujengea ila huo ute kidogo." Kisha akamgeukia Gideoni, bado na hasira, kama mtu aliyenyimwa pa kuiweka. "Na wewe ulimwona anaisha. Ulimwambia nani?"

"Nilimwambia yeye mwenyewe."

Daktari hakuomba radhi. Alisema tu kwamba mgonjwa atabebwa kwa machela mpaka boma, na mpishi atakwenda naye kumlisha njiani.

Gideoni, ambaye siku hiyo hakutamani kitu ila kwenda kwake na kuufunga mlango, akabeba chungu akafuata machela.

Walipumzika Busale, chini ya vilima, wapagazi wakajimwagia maji kijitoni. Gideoni alichemsha mchuzi wa samaki, akasaga ndizi ndani yake, akapiga magoti kando ya machela na kijiko. Bwana aligeuza uso.

"Una kalori ngapi?"

"Sijui, bwana. Meza."

Akameza. Akatapika nusu. Gideoni akamfuta kidevu, akachota tena, bila upole sana. Kijiko cha tatu kilikaa tumboni. Cha nne pia.

Bwana Rupe alipona, ingawa alitembea kwa fimbo mpaka alipopanda meli kurudi kwao. Gideoni aliitwa apikie bwana mpya wa forodha. Alikataa. Watu pale Mwaya waliendelea kusema kwamba alimnyima mzungu chakula, na Gideoni alichoka kuwabishia, akalima mpunga wake.