Kufuli Hewani

Jumanne, baada ya chai ya saa nne, mwanafunzi aliyeitwa Kijiti kwa wembamba wake alifika getini na begi lake, akakuta ukuta wa shule haupo.

Hakushangaa. Mwalimu wa falsafa alikuwa ameutazama siku tisa mfululizo, ameketi chini kwa mkao wa Budha, macho nusu wazi. Darasani aliwafundisha kwamba nafsi ni mkusanyiko wa vitu vipitavyo, ndani hamna mwenyewe. Na kama hamna mwenyewe, hakuna bwana wala mtwana, na kila utawala ni mazoea tu. Mkuu wa shule alimwandikia barua ya onyo kwa kuketi bila ruhusa. Siku ya kumi matofali yaliondoka, na geti pia. Lilibaki kufuli, likining'inia hewani usawa wa kiuno, limefungwa.

"Shikamoo, babu," Kijiti alimsalimia mlinzi.

"Marahaba, mjukuu. Kibali?"

"Sina. Mama amezidiwa, yuko hospitali. Mkuu yuko semina mpaka Ijumaa."

"Ndiyo hivyo, mpaka Ijumaa."

Barabara ilikuwa hatua kumi mbele. Basi la mjini lilisimama, likapiga honi, likaenda zake. Kijiti alisogeza mguu hadi pale ukuta ulipokuwa, akaurudisha.

"Vuka, binti," alisema mwalimu, akijikung'uta vumbi. "Nani anakuzuia?"

Kijiti alimtazama mlinzi. Mlinzi alilitazama kufuli.

"Mwalimu, usinitie matatani, nina wajukuu sita. Na wewe kama unatoka, saini."

Mwalimu alikuwa anatoka, kununua dawa ya mgongo. Akainama, akasaini daftari: jina, saa, sababu. Mlinzi akafungua kufuli, akampitisha, akafunga.

Kijiti alikalia begi lake siku hiyo, na Jumatano, na Alhamisi. Mbuzi wa jirani waliingia na kutoka walivyotaka, hawakuwa wamesomeshwa.

Ijumaa mkuu alirudi kutoka semina ya uongozi shirikishi. Simu ya hospitali ilikuwa imeshamfikia. Alisaini kibali bila kuchelewa. Palipoandikwa "kuona mgonjwa" alipiga mstari mmoja ulionyooka, juu yake akaandika "mazishi".

Mlinzi alikisoma mara mbili, akavua kofia. "Pole sana, mjukuu wangu."

Akatafuta ufunguo. Kijiti alisubiri kufuli lifunguke, kisha akapita kiubavu, asigonge kwa begi nguzo ambayo haikuwepo. Nyuma yake mlinzi alifunga, akalivuta kufuli kidogo kuhakikisha limeshika. Lilikuwa limeshika.